Sanduku la umeme la kupikia munkoyo: linda kwanza mikono ya mama



Umeme unaotoka Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, pamoja na ule wa Inga unaofika Kolwezi tangu miaka ya 1980, hauna sura mbili. Ule ule unaozungusha vinu vya kusagia mawe ndio unaowasha taa chumbani kwako. Hauwi mkali kazini ukawa mpole nyumbani. Wenye sura mbili ni sisi watu.

Mtazame fundi wa umeme akiwa kazini. Kabla ya kufungua sanduku la mota, anakata umeme. Anatia kufuli lake, ufunguo anautia mfukoni. Anapima waya kwa chombo chake ahakikishe kwamba umekufa kweli. Ndipo anaingiza mkono. Akisahau jambo moja tu, shefu wake atamwita.

Sasa mtazame fundi huyo huyo siku ya Jumamosi, ndani ya lupango lake. Mama amemwambia: «Baba, makala yamepanda bei tena. Jumamosi ijayo tuna ndoa, wameniagiza munkoyo. Wewe ni fundi, nitengenezee kitu cha umeme.» Baba anafurahi. Anatafuta rezistansi, waya mbili na pipa. Anafunga waya kwa mkanda, anachomeka kwenye priza, maji yanaanza kuimba. Kufuli liko wapi? Waya wa ardhi uko wapi? Nani amepima? Hakuna shefu hapa, wala hakuna atakayemwita.

Hatusemi kwamba mama asipike kwa umeme. Makala yanamaliza pesa ya nyumba na kumaliza miti ya msitu wetu. Tunasema kwamba kazi hii ikifanyika, ifanyike kama kazini. Inatakiwa sanduku la umeme la kweli, lililofungwa na fundi aliyesomea umeme. Kama nyumba ni ya kompani, omba ruhusa kwanza. Na wewe ambaye si fundi, usome pia, upate kujua ni kazi gani ya kukubali na ni ipi ya kukataa.

KWA NINI FIZIBULE HAITOSHI

Watu wengi wanasema: «Mimi sina wasiwasi, nyumbani kwangu kuna fizibule.» Ndugu, tufanye hesabu pamoja.

Nyumbani tuna volti 220. Mtu mwenye mikono iliyolowa maji, aliyesimama miguu mitupu kwenye sementi yenye maji, mwili wake unaweza kuzuia umeme kwa kiasi cha omu 1 000 tu. Gawa 220 kwa 1 000: unapata ampere 0,22, yaani miliampere 220. Na miliampere 30 peke yake zinaweza kukaza misuli ya kifua mpaka mtu ashindwe kupumua. Zikizidi na kuendelea, moyo unapoteza mwendo wake.

Sasa angalia fizibule ya ampere 16. Ampere 16 ni miliampere 16 000. Mama anapitiwa na miliampere 220, na fizibule haioni kitu. Itakaa kimya mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukumbuke neno hili: FIZIBULE INALINDA WAYA. HAIMLINDI MAMA.

Anayemlinda mama ni disjonkteri diferansieli ya miliampere 30. Chombo hiki kinalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kama umeme unaorudi umepungua, basi sehemu yake imepita njia nyingine: katika pipa, katika ardhi, au katika mwili wa mtu. Kinakata mara moja, katika sehemu ndogo ya nukta. Kina butoni ndogo yenye herufi T ya kukijaribu.

Lakini hata chombo hiki kina mpaka wake. Mtu akishika waya wa fazi kwa mkono mmoja na waya wa netre kwa mkono mwingine, na miguu yake ni mikavu, umeme unarudi wote kupitia kwake. Chombo hakioni upungufu, hakikati. Kwa sababu hiyo sanduku lazima liwe na mlango unaofungwa kwa ufunguo, na waya usionekane mtupu mahali popote.

KWANZA SUFURIA, HALAFU UMEME

Munkoyo ni uji wa mahindi uliopikwa vizuri, ukapozwa, ukatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ndiyo inayolainisha uji na kuutia utamu kabla haujachachuka. Ukiitia ndani ya uji unaochemka, nguvu yake inakufa. Mama anajua hilo tangu alipofundishwa na mama yake: anangoja joto lishuke. Hapa umeme unaweza kumsaidia, maana termostati inashika joto mahali mama anapolitaka.

Lakini usiweke rezistansi ndani ya uji. Uji mzito utaganda juu yake na kuungua, na rezistansi itapasuka. Njia nzuri ni vyombo viwili. Chombo cha nje kina maji safi na rezistansi. Ndani yake inakaa sufuria ya uji, imeegemea juu ya kitu imara, haigusi rezistansi. Maji yanapasha sufuria, uji hauungui.

Hapa tuna neno zito kwa wafanyakazi. Usilete nyumbani pipa lililobeba asidi, mafuta ya mashine, zantati au dawa nyingine yoyote ya kiwandani. Hata ukiliosha mara kumi kwa mchanga na sabuni, dawa inabaki katika mikunjo na kutu. Utawanywesha watoto sumu, na wageni wa ndoa pia. Hata sufuria ya zinki si ya munkoyo, kwa sababu kinywaji kilichochachuka kina uchungu unaokula zinki. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya emaye isiyobanduka.

Na waya vilevile: nunua dukani. Waya uliookotwa kazini una mwenyewe, tena mara nyingi umetupwa kwa sababu ngozi yake imekwisha kufa.

NDANI YA SANDUKU KUNA NINI

Tuchukue rezistansi ya wati 3 000. Gawa 3 000 kwa 220: ni ampere 13,6. Inatakiwa waya wa shaba wa milimeta mraba 2,5 na disjonkteri ya ampere 16, kwa njia yake peke yake kutoka sanduku kubwa la nyumba. Usipitishe katika rallonge pamoja na friji na televisheni. Ukitamani wati 6 000, hiyo ni ampere 27: waya wa milimeta mraba 6 na disjonkteri ya ampere 32. Tena uulize kwanza kama waya unaoingia nyumbani kwako unaweza kubeba mzigo huo. Mara nyingi hauwezi.

Kwa wati 3 000, lita 40 za maji na lita 20 za uji zitapanda kutoka digri 20 mpaka 90 kwa muda wa saa moja na dakika 40 hivi, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Volti zikishuka mpaka 180, kama zinavyofanya jioni, nguvu inashuka mpaka wati 2 000, na muda unakuwa mrefu zaidi. Usiongeze rezistansi ya pili kwa sababu ya haraka. Haraka haina baraka.

Ndani ya sanduku, vitu vifuatane hivi:

1. Swichi kubwa inayokata waya zote mbili, fazi na netre, yenye tundu la kutia kufuli.

2. Disjonkteri diferansieli ya miliampere 30. Netre inayotoka ndani yake isiunganishwe na netre nyingine ya nyumba, wala na waya wa ardhi. Ukichanganya, itakata bila sababu, na utashawishika kuiondoa.

3. Disjonkteri ya ampere 16 ya kulinda waya.

4. Kontakteri ya kwanza, ya ruhusa. Inawashwa na butoni ya kijani na kuzimwa na butoni nyekundu kubwa yenye kichwa cha uyoga.

5. Kontakteri ya pili, ya joto. Inaamriwa na termostati. Termostati yenyewe isibebe ampere 13,6. Mdomo wake ni mdogo, utaungua. Itoe amri tu, na kontakteri ibebe mzigo.

6. Boya katika chombo cha maji. Maji yakishuka karibu na rezistansi, boya linakata njia ya kontakteri ya kwanza. Rezistansi ikikauka inawaka nyekundu, inapasuka, na inaweza kuwasha nyumba.

7. Taa mbili ndogo: moja ya kuonyesha kwamba sanduku lina umeme, nyingine ya kuonyesha kwamba rezistansi inapasha.

Mtu atauliza: kwa nini kontakteri mbili? Moja haitoshi? Haitoshi, na sababu ni mbili.

Ya kwanza: ncha za kontakteri zikichoka zinaweza kushikana kama zimechomelewa. Termostati itasema «acha», nayo haitaacha. Siku hiyo kontakteri ya ruhusa ndiyo itakayokata.

Ya pili tunaijua wote: umeme unakatika. Mama yuko sokoni, sufuria imemwagwa ili ioshwe, mtoto ameingiza mkono katika chombo kusugua. Umeme unarudi ghafla. Kama sanduku ni la swichi ya kawaida, rezistansi inawaka peke yake na mkono wa mtoto umo ndani.

Kwa hiyo fundi aifunge kontakteri ya ruhusa kama anavyofunga mota ya kiwandani: umeme wa bobini yake upite katika butoni nyekundu, kisha katika butoni ya kijani, na mdomo mdogo wa kontakteri yenyewe uwe sambamba na butoni ya kijani ili ijishikilie. Umeme ukikatika, inajiachia. Umeme ukirudi, inakaa kimya mpaka mtu aje kwa mkono wake abonyeze kijani. Kazini mashine haiwezi kuanza peke yake na kumkamata mtu. Nyumbani iwe vivyo hivyo.

WAYA WA ARDHI

Waya wa kijani na manjano ndio maskini wa nyumba nyingi. Mtu anauacha kwa sababu «mashine inatembea bila huo». Ni kweli, mashine inatembea. Lakini rezistansi ikipasuka, pipa lote linakuwa waya wa fazi, na mama analigusa kwa tumbo na kwa mikono.

Piga nguzo ya chuma yenye shaba au galvani ndani ya udongo unaobaki na unyevu, si chini ya bati mahali pakavu. Wakati wa kiangazi udongo wetu unakauka na kuwa kama tofali, na ardhi inakataa kupokea umeme. Kwa hiyo nguzo iingie chini sana, na ipimwe tena kila kiangazi. Waya wa ardhi uguse sanduku kama ni la chuma, chombo cha maji, na kila chuma kilicho karibu. Usitegemee bomba la maji: mabomba mengi sasa ni ya plastiki. Na usiitumie netre kuwa ardhi. Netre ikikatika njiani, pipa litachukua umeme wote.

Sanduku likae ukutani, kwa kimo cha macho, mbali na mvuke na mahali maji yanaporuka. Lisikae juu ya pipa. Waya ziingie kwa chini, kila moja katika tundu lililobanwa kwa mpira, ili maji yadondoke nje. Visi zikazwe vizuri, tena zikazwe upya baada ya mwezi mmoja, umeme ukiwa umekatwa. Kiungo kilicholegea kinapata joto, na joto ndilo mwanzo wa moto. Usisokote shaba na aluminyo pamoja.

KABLA YA KUPIKA MARA YA KWANZA

Umeme ukiwa umekatwa na kufuli limefungwa, fundi apime mambo matatu. Rezistansi ya wati 3 000 ionyeshe omu 16 hivi. Kati ya rezistansi na chuma cha chombo, chombo cha kupimia cha volti 500 kionyeshe megaomu moja au zaidi. Kati ya chombo cha maji na nguzo ya ardhi, waya uwe mzima bila kukatika.

Halafu atie maji, awashe, na ajaribu mambo manne. Butoni T: diferansieli ikate. Butoni nyekundu: kila kitu kizime. Swichi kubwa ikizimwa na kuwashwa tena: rezistansi isianze peke yake. Maji yakipunguzwa: boya likate kabla rezistansi haijaonekana. Jambo moja likishindwa, hakuna kupika siku hiyo, hata kama wageni wako njiani. Butoni T ijaribiwe tena kila mwezi.

Na siku diferansieli ikikata mara kwa mara, usiseme «hii ni mbovu» ukaipitishia waya pembeni. Inakuambia kwamba umeme unavuja mahali. Mlinzi akipiga kelele usiku hatumfukuzi, tunatoka kuangalia.

SHERIA ZA NYUMBANI

• Kabla ya kutia mkono, mwiko wa chuma au kikombe ndani ya chombo cha maji, zima swichi kubwa. Taa iliyozimika si ushuhuda: taa nayo inakufa.

• Vaa viatu vikavu vya mpira. Mikono yenye maji isiguse butoni.

• Chora mstari kwenye sementi, hatua mbili kutoka kwa pipa. Watoto hawavuki. Maji ya moto yameunguza watoto wengi pasipo umeme wowote.

• Ufunguo wa sanduku unakaa kwa mtu mmoja. Jirani «anayejua kidogo» asifungue.

• Sanduku hili ni la maji na munkoyo. Si la lutuku. Mvuke wa pombe kali unashika moto kwa cheche moja ya kontakteri, na nyumba inalipuka.

UMEME UKIMPIGA MTU

Usimguse. Kata umeme kwanza, kwa butoni nyekundu na kwa swichi kubwa. Ukishindwa kuifikia, simama mahali pakavu, umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Ita watu, tuma mmoja kwenda hospitali.

Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka mikono miwili katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu, sentimeta 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Kama umejifunza, umpulizie pumzi mbili baada ya kila mara 30. Usichoke, mpokezane mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema «sina kitu», mpeleke hospitali hata hivyo, maana moyo uliopigwa na umeme unaweza kukosa mwendo baadaye.

Mahali palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga.

TURUDI KWA BABA NA MAMA

Tuseme baba amelisoma neno hili, akaondoa pipa lake la kwanza, akafanya kazi upya. Imemchukua majuma matatu badala ya mchana mmoja. Ndoa ya Jumamosi ile mama aliipikia kwa makala, na munkoyo ulikuwa mtamu vilevile. Sasa sanduku liko ukutani. Baba anamwita mama na mtoto mkubwa.

«Mama, kijani ni kuwasha, nyekundu ni kuzima.»

«Nimeona, Baba. Lakini wewe ukiwa kazini ya usiku, na mtoto akapigwa, mimi nifanye nini kwanza?»

«Unibonyezee nyekundu.»

«Nisimshike mtoto?»

«Usimshike. Nyekundu kwanza. Halafu mtoto.»

Mama anakaa kimya. Neno hili ni gumu kwa moyo wa mzazi. Kisha anakwenda mpaka kwa sanduku, anabonyeza nyekundu, kontakteri inaanguka: ta! Anamvuta mtoto mkubwa naye abonyeze. Wanarudia mara tatu.

Watu wanasema ajali haina kinga. Sisi tunaofanya kazi mgodini tunajua kwamba ajali nyingi zina kinga yake, na tunaivaa kila asubuhi kabla ya kushuka. Ndugu fundi, usiiache kinga hiyo mlangoni pa kiwanda. Ilete nyumbani, uifunge ukutani, na umfundishe mama kuitumia.

KATA, FUNGA KUFULI, PIMA. NDIPO UTIE MKONO.